Pembe themanini za gitaa la ami

Najua wengi mmekuja kutafuta muendelezo wa ile makala ya hifadhidata, na wengine mmeniandikia kuniuliza imeishia wapi. Itakuja inshallah. Leo naomba ruhusa niseme jambo la gitaa. Msikimbie! Kompyuta zitaingia humo humo ndani.

Maoni yangu nayaweka mezani mapema. Fundi akibadilisha freti za gitaa asisugue ncha zake mpaka zikalainika, kazi hiyo haijakwisha na haistahili malipo kamili. Hata kama freti zenyewe zinang'aa kama kioo. Nasema hivi kwa sababu fundi aliyeiacha kazi njiani ni mimi mwenyewe, na aliyeumia ni ami yangu.

Kwa msiopiga gitaa: freti ni vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokata shingo ya gitaa kama vipandio vya ngazi. Ukibonyeza uzi nyuma ya freti, uzi unakuwa mfupi na sauti inapanda. Baada ya miaka ya kubonyezwa, uzi huila freti na kuacha vishimo, na gitaa linaanza kuvuma pasipotakikana. Hapo freti zinang'olewa na mpya zinagongewa kwenye mifereji ile ile. Kila freti ina ncha mbili, moja kila ukingo wa shingo, na ukingo huo ndipo mkono wa mpigaji unapopita kupanda na kushuka usiku kucha.

Sasa hadithi. Tunakaa Kuze, nyumba moja, ami chini na sisi juu. Ujanani alipiga gitaa kwenye hoteli za pwani ya kaskazini, miaka ile ile Them Mushrooms walipotoa "Jambo Bwana", yaani 1982, wimbo ambao wapiga muziki wa hoteli wanaagizwa mpaka leo, wapende wasipende. (Ami hapendi.) Gitaa lake ni la mbao, la nyuzi 6 na freti 20, na freti hizo zilikuwa zimelika hadi ukipitisha ukucha unaingia shimoni.

Mji wa Kale si mji wa freti, lazima niseme. Huku ni kwa udi. Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, alilijaza jina la Mombasa masikioni mwa watu kwa ala isiyo na freti hata moja. Kidole kinateleza kinapotaka. Hata taishokoto, ile ala ya Kijapani iliyozoeleka kwenye taarabu ya Mombasa, freti inazo lakini unabonyeza vitufe na vitufe ndivyo vinavyobonyeza nyuzi, kwa hiyo mkono wako haukutani na chuma. Nilipotafuta mtu wa kubadilisha freti hapa mtaani nilipata maseremala, nilipata masonara, nikapata hata mtu wa kukarabati kodiani. Wa freti sikumpata. Nikasema basi nitaifanya mwenyewe. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, nitashindwa na vyuma ishirini?

Jioni ya kwanza niliandika programu ya kukokotoa mahali pa kila freti. Ni hesabu tamu sana: unagawanya urefu wa uzi kwa 17.817, unapata umbali wa freti ya kwanza kutoka kwenye nati, kisha unarudia kwa urefu uliobaki. Uzi wa milimita 648 unakupa milimita 36.4 kwa freti ya kwanza, na freti ya 12 inaangukia katikati kabisa, 324. Programu ilifanya kazi mara ya kwanza, jambo ambalo halinitokei kazini. Ndipo nikakumbuka kuwa mifereji ilikuwa imeshakatwa kiwandani kabla sijazaliwa. Hakukuwa na kitu cha kukokotoa. Nawaachia wenye kazi ya kuandika programu mniambie kama ninyi hamjawahi!

Kazi yenyewe niliifanya Mei 2024, masika yamechacha. Nilipasha kila freti kwa chuma cha kulehemu ili gundi ya zamani ilegee, nikaiinua polepole kwa koleo isije ikang'oa mbao. Nikagonga freti mpya. Nikakata vipande vilivyozidi pembeni, nikapitisha tupa ndefu kila ukingo mpaka chuma kikawa sawa na mbao, kisha nikailaza tupa mshazari na kuzipunguza ncha zote kwa mpigo mmoja. Baada ya hapo ndipo nikaingia kwenye sehemu niliyoipenda. Nilisawazisha vichwa vya freti, nikavirudishia mviringo wake, nikavipiga msasa namba 400, 600, 1000, mpaka nikaona taa ya dari ndani yake. Nikapiga picha. Picha ile ilipata sifa nyingi kuliko programu yoyote niliyowahi kutoa.

Ami alipokea gitaa, akaligeuza huku na huku, akasema, "Mashallah, Mungu akubariki mwanangu." Akapiga dakika kumi hivi. Nikapanda juu kulala, roho imetulia.

Miezi ikapita. Nilikuwa simsikii sana. Nikiulizwa nasema ami amekuwa mtu mzima, ana shughuli za msikitini, ana wajukuu. Januari 2025 alipanda treni kwenda Nairobi kukaa kwa binti yake, na gitaa akalibeba. Wiki ya tatu binti ami akanipigia. "Baba hapigi tena," akasema. "Nikimuuliza ananambia vidole vimezeeka." Tuliongea mengine, na katika kuongea akalichukua gitaa pale ukutani, akapitisha kiganja shingoni. Nikasikia, "Aii! Hiki kitu mbona chakwaruza?"

Akanitumia picha. Halikuwa gitaa alilolipiga picha, ni mkono wa baba yake, pale kidole cha shahada kinapoanzia. Mistari midogo mingi, mingine imekauka, mingine mipya.

Wanaotengeneza programu, hapa ndipo ninapowataka. Ami hakulalamika miezi minane. Hakusema kwa sababu kijana wake alijitahidi, na kwa sababu alidhani tatizo ni yeye. Mwaka juzi niliandika programu ndogo ya stoo kwa muuzaji mmoja wa Marikiti, nikafurahi jinsi simu zilivyokuwa kimya. Kumbe alisharudi kwenye daftari lake. Mtumiaji wa aina hii hakuletei ripoti ya hitilafu. Anajilaumu kwanza, halafu anaacha polepole, na wewe unahesabu ule ukimya kama sifa.

Turudi kwenye chuma, maana kulikuwa na makosa mawili na yanafaa kujulikana.

La kwanza ni uvivu. Ule mshazari unaokatwa kwa tupa moja ndefu hautoi ncha laini, unatoa pembe mbili mpya zenye makali, moja kila upande wa freti. Fanyeni hesabu: freti 20, ncha 40, pembe 80. Tupa ndefu haizifikii, kwa sababu inapita juu ya zote kwa pamoja. Kila pembe inataka tupa ndogo, peke yake, izungushwe mpaka iwe duara. Ni kazi ya kurudiarudia isiyo na picha nzuri mwishoni. Ningekuwa nimeiandika kama programu ingekuwa mistari mitatu na kitanzi, lakini mkono hauna kitanzi. Nikaiona, nikachoka kabla ya kuianza, nikajiambia zitalainika zenyewe akipiga.

Hazilainiki. Nimewasikia hata mafundi wazoefu wakisema maneno haya kwa mteja, na si kweli. Kichwa cha freti huliwa na uzi, chuma kwa chuma, kila siku. Ncha haiguswi na uzi wowote. Kinachoigusa ni ngozi tu, na kati ya ngozi na chuma mnajua kitakachoanza kuisha.

La pili ni hewa, na hili sikulijua kabisa. Mbao hunywa unyevu wa hewani na kuutoa. Ikikauka hunywea, zaidi sana kwa upana wake kuliko urefu. Freti imelala kwa upana, na chuma hakinywei. Mimi nililinganisha chuma na mbao Mombasa, mwezi wa Mei, mvua inanyesha na chumvi iko hewani, mbao imevimba kadiri ya uwezo wake. Gitaa likaenda Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, Januari, wakati kule ni kukavu. Shingo ikipungua nusu milimita tu kwa jumla, kila ukingo unakuwa na robo milimita ya chuma kilichochomoza. Robo milimita iliyokatwa kwa makali, mara arobaini. Yaani msumeno.

Tunao usemi wetu sisi watu wa programu, kila mmoja ameshautumia kujitetea: kwangu inafanya kazi. Naam, kwangu Kuze ilifanya kazi, kwa kadiri fulani. Hata gitaa lingerudi Mombasa ningelishika na kusema mbona si kali hivyo, maana mbao ingekuwa imevimba tena na kuficha nusu ya kosa. Hitilafu inayojificha ukija kuitazama! Na si lazima mtu asafiri. Chumba cha hoteli chenye kiyoyozi mchana kutwa hukausha gitaa hapa hapa pwani, na kati ya kusi ya mvua na kaskazi ya jua kali mbao haikai na kipimo kimoja.

Kwa hiyo fundi anapaswa kuuliza swali ambalo mimi sikuliuliza: gitaa hili linakwenda kuishi wapi? Kama ni mahali pakavu, lilale siku kadhaa kwenye ukavu kabla ncha hazijaguswa. Kukamilisha ncha mbao ikiwa imenywea hakuna hasara, maana ikivimba baadaye chuma kinabaki ndani kidogo, na mkono haukijui. Kinyume chake ndicho kilichomkwaruza ami.

Kabla ya kwenda Nairobi kurekebisha nilipita kwa sonara mmoja jirani yetu. Nilitaka tupa ndogo tu. Alichukua kipande cha freti, akakitazama, akauliza ni madini gani. Nikamwambia kwa Kiingereza wanaiita fedha ya nikeli. Akacheka. Ni shaba, nikeli na zinki, fedha ndani yake hamna hata chembe, jina tu. Kisha akanionyesha jinsi yeye anavyomaliza pete. Anaanza ndani, upande usioonekana dukani, kwa sababu ndio unaokaa kwenye ngozi. Upande wa nje anausugua mwisho. Mimi gitaa nilikuwa nimelifanya kinyume kabisa.

Aliniuzia tupa mbili nyembamba. Moja aliisugua ubavu mmoja kwenye jiwe mpaka meno yakaisha, ili ubavu huo ulale kwenye mbao bila kuikwaruza na upande wenye meno ndio ule chuma. Akanipa na kipimo ambacho hakuna mashine itakayokishinda: kitambaa laini chepesi. Ukipitisha shingoni kikashika, pana pembe. Nilipofika nyumbani nikachukua mtandio wa dada yangu bila kuuliza, nikaujaribu kwenye gitaa jingine bovu nililonalo. Kipimo kinafanya kazi vizuri sana. Mtandio nimelipa.

Februari nikapanda treni na zile tupa mbili ndani ya mkoba wa laptopu, mlinzi wa stesheni akaniuliza za nini, nikamwambia ncha. Nairobi nililiweka gitaa mezani kwa binti ami, nikalegeza nyuzi, nikafunika mbao kati ya freti na freti kwa tepu ya karatasi, nikafunika na kile kifua cha gitaa chini ya freti za mwisho. Kwanza tupa ndefu tena, kwa mkono mwepesi, kuondoa ile robo milimita iliyochomoza na kurudisha mshazari. Watu wengi hutumia digrii 35 hivi. Hapa napo pana mtego, na nawaonya wenye bidii kupita kiasi: ukizidisha mshazari unaipunguza freti upana wake, na uzi wa kwanza, ulio milimita 3 hivi kutoka ukingoni, utakuwa unadondoka nje kila ukiuvuta. Ncha laini kupindukia nayo ni gitaa bovu. Sikubaliani na wale wanaosugua mpaka freti inafanana na kijiti cha kiberiti kilichoungua.

Halafu zile pembe, moja moja. Unaweka ubavu usio na meno kwenye mbao, unaanzia kwenye pembe na kuizungusha kuelekea juu, mara tatu, mara nne, unageuza upande wa pili. Unapitisha kidole. Unarudia. Ya kwanza ilinichukua dakika tano na niliiharibu kidogo. Kufika ya ishirini mkono ulikuwa umeshajua, ikawa dakika moja au chini yake. Ami alikuwa amekaa pembeni na kahawa anatazama, hasemi kitu. Kisha msasa namba 600, namba 1000, na mwisho pamba ya chuma iliyo laini kuliko zote, namba 0000. (Kama gitaa lenu ni la umeme, zibeni zile sumaku kabla ya kugusa pamba hiyo. Vumbi lake hung'ang'ania sumaku na hutalitoa milele.) Yote kwa yote, kuanzia baada ya adhuhuri mpaka karibu na alasiri.

Na bei je? Hapa ndipo ninapogombana na mafundi. Mteja akiuliza bei ya kubadilisha freti anatajiwa freti: chuma, kung'oa, kugonga. Ncha hazitajwi, kwa hiyo hazilipiwi, kwa hiyo hazifanywi. Kwenye programu ni hivyo hivyo. Hati ya makubaliano inataja kurasa na ripoti, haitaji ule ujumbe unaotokea mtu akikosea tarehe, na ujumbe huo ndio unaomkwaruza karani wa kaunta mara arobaini kwa siku. Mimi sasa kwenye karatasi ya bei naiandika peke yake, na saa zake. Wateja wengine wanaikata. Angalau wanajua wamekata nini, na mimi sijajidanganya kwamba kazi imekwisha.

Nawe unayepeleka gitaa kwa fundi, usilipokee kwa macho. Fumba macho, pitisha kiganja kando ya shingo kutoka nati mpaka kifuani, ukingo wa juu na wa chini, kwenda na kurudi. Ikikwaruza, mrudishie hapo hapo. Si utovu wa adabu. Ami aliponionea haya mimi ilimgharimu miezi minane bila muziki.

Alasiri ile alilichukua. Akapitisha mkono kama nilivyosema, mara mbili, akanitazama usoni, hakusema mashallah wala nini. Akaanza kupiga. Akapiga mpaka binti yake akaja kuwasha taa, akapiga hata ule wimbo wa hoteli asioupenda. Kisha akasimama ghafla, akainamisha sikio.

"Uzi wa nne," akasema. "Ukiwa wazi wavuma. Wausikia?"

Nilikuwa siusikii. Akaupiga tena, akanisogezea gitaa sikioni, na kweli, pale kwenye nati pana mvumo mdogo, mkato umekwenda chini mno. Kabla sijajibu akaongeza kwamba na ufunguo wa uzi wa pili unateleza, na mshipi wa begani ni mfupi, na kwa nini nisitafute nyuzi nzuri kuliko hizi za bei rahisi zinazoshika kutu wiki mbili tu pale Kuze.

Nimeyaandika yote kwenye simu, kwa mpangilio. Nati ni ya kwanza. Ile makala ya hifadhidata wiki ijayo inshallah, umeme ukiruhusu.